Mmea Usio na Jina: Mwongozo Kamili wa Kukusanya, Kupima Ukuaji na Kutangaza Mimea Mipya ya Misitu ya Afrika Mashariki

Milima ya Tao la Mashariki huanzia Taita nchini Kenya, hupita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, na kuishia Udzungwa na Mahenge. Kila mara hutangazwa humo mmea ambao haukuwa na jina la kisayansi. Mischogyne iddii wa Usambara ulitangazwa 2019 na kupewa jina la Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa Kitanzania. Mwaka 2025 ukafuata Tessmannia princeps, mti wa Udzungwa unaofika mita 40 kwenda juu. Huo haukuwa mmea wa kutafutwa kwa lenzi. Ulisimama kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji, watu wakipita chini yake, na vitabu havikuwa na habari zake.

Mimea mingi ya aina hiyo hupotea baada ya kukatwa. Inafika hebaria (nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa) bila ua, au na ua lililoota ukungu, au na lebo inayosema "mti, msituni". Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zilizotangazwa ndani ya miaka 5 tangu sampuli ya kwanza kukusanywa. Nyingine zilikaa kabatini miongo. Maana yake, atakayeisoma sampuli yako huenda hajazaliwa bado, wala hutakuwapo umweleze ulikuwa na maana gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa kumfikiria yeye.

Mpya kwa nani?

Neno "mpya" lina ngazi tatu. Mmea unaweza kuwa mpya kwa msitu mmoja tu. Unaweza kuwa mpya kwa mkoa au nchi, yaani rekodi mpya. Na unaweza kuwa mpya kwa sayansi, haujapewa jina popote duniani. Kazi ya ngazi ya tatu ni kubwa mara kumi kuliko ya pili, kwa hiyo ni vema kujua mapema uko wapi.

Kwa ngazi mbili za kwanza, anzia Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki. Ilianza kutoka 1952, ikakamilika 2012, na ina spishi zaidi ya 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda. Nchi zimegawanywa kwa kanda: U1 hadi U4, K1 hadi K7, T1 hadi T8, na herufi Z na P kwa Unguja na Pemba. Usambara iko T3, Uluguru T6, Iringa T7, Lindi na Mtwara T8. Ukisoma kwamba spishi fulani inajulikana "K7, T3" nawe umeikuta Lindi, umepata rekodi mpya ya T8. Udzungwa ni mtego: mpaka wa T6 na T7 unapita humo humo, kwa hiyo andika wilaya na upande wa mlima.

Tahadhari moja kabla ya kushangilia: majina huhama. Saintpaulia, ua maarufu lililotangazwa 1893 kutokana na mimea iliyotoka Tanga, siku hizi limeingizwa ndani ya jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) Streptocarpus. Anayetafuta jina moja tu kwenye orodha ataona pengo ambalo halipo. Tafuta kila jina la zamani la mmea wako kwanza.

Vibali

Sehemu hii haina mjadala. Tanzania, utafiti huanzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS (wakala wa misitu) unahitaji ruhusa yao, na hifadhi ya taifa inahitaji TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) pamoja na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Msitu wa kijiji ni mali ya kijiji: nenda kwenye serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili, toa maelezo, andika jina la utafiti kwenye kitabu cha wageni. Kenya, anzia NACOSTI, tume ya sayansi, kisha KFS (huduma ya misitu) au KWS (huduma ya wanyamapori) kulingana na msitu. Zanzibar ina utaratibu wake. Namba ya kibali iandikwe kwenye daftari, kwa sababu majarida mengi hayapokei spishi mpya bila hiyo. Okidi na mishubiri zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, hivyo hata jani kavu halivuki mpaka bila karatasi zake.

Vifaa, kwa hesabu

Tuseme watu wawili, siku 6 za kazi, mimea 15 kwa siku, nakala 4 za kila mmea. Hiyo ni mikunjo 60 ya gazeti kwa siku, au 360 kwa safari. Gazeti la kurasa 32 hutoa mikunjo 8, kwa hiyo beba magazeti 45 ya zamani. Chagua yenye karatasi isiyong'aa, maana ya kung'aa hainyonyi maji.

Vingine ni hivi:

- Mbao mbili za kubania (presi), sentimita 45 kwa 30, na mikanda miwili yenye kufuli la kukazia. Kamba ya katani hulegea ikikauka.
- Vipande 60 au zaidi vya katoni lenye matuta ndani, vya ukubwa ule ule. Vikate ili matundu ya matuta yapite kwenye upande mfupi wa sentimita 30. Ukikata kinyume, hewa inasafiri sentimita 45 na katikati hubaki na unyevu.
- Mkasi wa kupogolea, mkasi wa fimbo ndefu, na kamba nyembamba yenye kitu kizito mwishoni ya kurushia juu ya tawi.
- Lenzi ya mkono ya mara 10, darubini, GPS, penseli laini. Wino wa kalamu ya kawaida hutoka ukiguswa na spiriti.
- Silika jeli ya punje ndogo ya kukaushia kipande cha jani kwa ajili ya DNA, yenye punje chache za rangi zinazobadilika zikishiba maji. Gramu 10 kwa kila gramu ya jani.
- Chupa ndogo 20 zenye spiriti ya asilimia 70 kwa ajili ya maua.
- Futikamba ya kupimia vipenyo, rangi ya mafuta, misumari ya alumini na vibao vya namba, kama utapima ukuaji.

Kukata

Sampuli bila ua wala tunda, mara nyingi, ni majani tu ya kuwekea nafasi kwenye kabati. Familia nyingi hutambuliwa kwa idadi ya stameni (viungo vya kiume vya ua), umbo la ovari na namna petali zilivyopangana. Ukikuta mti unaokutatiza na hauna ua, weka alama, andika namba za GPS, urudi baada ya miezi miwili au mitatu. Miti mingi ya Tao la Mashariki hutoa maua mvua za vuli zikianza au zikielekea kwisha, lakini usiifanye kanuni.

Kata tawi la sentimita 35 hivi lenye ncha yake. Ncha ina vitu ambavyo havipo kwenye majani makubwa: vinyweleo vichanga, stipuli (vijani vidogo kwenye kitako cha kikonyo) ambazo huanguka mapema, na rangi ya chipukizi. Mmea mdogo uchimbue mzima na mizizi. Ikiwa umeona mimea pungufu ya 20 mahali hapo, acha mzizi, chukua tawi. Kwa kipimo hicho hicho, usichukue zaidi ya mmoja katika kila 20.

Kosa linalorudiwa kuliko yote msituni ni la maua yaliyoanguka. Unaona maua meupe chini ya mti, unayakusanya, unakata tawi la mti huo, unayabania pamoja. Kumbe maua ni ya mtambazi uliopanda hadi kileleni, na umetengeneza mmea ambao haupo duniani. Sampuli za namna hiyo zipo kwenye makabati, zimewapotezea watu muda mrefu. Tazama juu kwa darubini, kisha lete tawi ambalo ua bado limeshika kwenye kikonyo chake. Ukilazimika kuokota tunda chini, liweke kwenye bahasha ya pembeni na uandike "limeokotwa chini ya mti".

Namba moja ni mmea mmoja, mahali pamoja, siku moja. Nakala 4 zote zitoke kwenye mti ule ule. Namba zako zianze 1 na ziendelee maisha yako yote bila kurudiwa, hata ukibadilisha mradi au mwajiri. Mtindo wa kuanza upya kila mwaka unaleta sampuli mbili tofauti zenye "na. 17", na hakuna atakayejua ipi ni ipi.

Daftari

Andika papo hapo, kile ambacho jani kavu haliwezi kukuambia: urefu wa mti, rangi ya ua, harufu, utomvu, gome. Chanja gome kwa kisu, kipande cha vidole viwili, utazame rangi ya ndani, kisha utazame tena baada ya dakika tatu. Miti mingine huanza meupe ikageuka rangi ya machungwa, na badiliko hilo lina thamani kuliko rangi ya kwanza. Utomvu nao: mweupe, wa njano, mwekundu, au hakuna. "Hakuna" ni taarifa, iandike.

Jina la wenyeji liandikwe pamoja na lugha yake. Jina moja linaweza kuwa mti mmoja kwa Kisambaa na mwingine kabisa kwa Kizigua. Waulize watu wawili, kila mmoja peke yake. Si kila jibu ni jina, kwani wakati mwingine umeambiwa tu "ni dawa", au "mti wa kuni", au mzee amekutania.

Huu ni mfano wa lebo inayotosha:

*Tanzania, T3, Wilaya ya Muheza, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Msitu wa milimani wenye kivuli, mteremko wa nyuzi 25 ukitazama mashariki, udongo mwekundu wa mfinyanzi, mita 40 kutoka kwenye kijito. −5.10210, 38.62940 (WGS84, kosa la mita 8). Mwinuko mita 910. Mti wa mita 14, kipenyo cha sentimita 18.4 kwenye mita 1.30. Gome jembamba la kijivu. Ndani jeupe, hugeuka rangi ya machungwa baada ya dakika 3. Harufu kama pilipili manga. Hakuna utomvu. Maua kwenye shina na matawi makubwa, petali 6, rangi ya krimu, yenye doa jekundu chini kwa ndani. Mimea 7 imeonekana katika mita 100. Nakala 4, jani kwenye silika, maua 3 kwenye spiriti. Jina la mkusanyaji, na. 214, tarehe.*

Alama ya kutoa kwenye latitudo isikupite. Amani iko nyuzi 5.1 kusini mwa ikweta. Ukiisahau alama hiyo kwenye kompyuta, mti wako unaota kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza namba mbili mahali pake, unaota Hispania. Makosa haya mawili huonekana haraka kwenye ramani. La tatu halionekani: ramani za zamani za karatasi za Tanzania na Kenya zimepimwa kwa mfumo wa Arc 1960, na nukta ikihamishwa kwenye WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kubadilishwa hukosea kwa takribani mita 300. Kwenye mlima, hizo ni mita za kuvuka bonde zima.

Kubania na kukausha

Bania siku hiyo hiyo. Tandaza tawi ndani ya gazeti, geuza jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane, fungua ua moja kwa kidole lilale wazi. Tawi refu likunje mfano wa V au N. Jani likizidi, likate lakini acha kikonyo, ili ionekane lilikuwapo. Tunda nene lipasuliwe vipande viwili, kimoja kwa urefu na kingine kwa kukatisha. Andika namba ya mkusanyo kwenye pembe ya gazeti kwa penseli kabla hujaweka mmea. Ukiiandika baadaye utachanganya, na kuchanganya huku hakuna dawa.

Panga: katoni, gazeti lenye mmea, katoni, gazeti. Kaza mikanda kwa goti. Kaza tena baada ya saa 12, maana mimea hupungua unene na presi hulegea. Majani hujikunja hapo.

Joto la kukaushia ni nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi, hewa ikipanda kutoka chini kupitia matundu ya katoni. Ukipita 60, majani hugeuka kahawia, huvunjika, na DNA inaharibika. Penye umeme, sanduku la mbao lenye balbu za zamani za joto na feni ndogo linatosha. Pasipo umeme watu hutumia jiko la mkaa: weka presi sentimita 60 au zaidi juu ya moto, weka karatasi ya bati katikati ili cheche zisirukie magazeti, na mtu asiondoke. Presi zilizoungua hazikuungua kwa moto mkubwa, ziliungua mlinzi alipokwenda kula.

Majani mengi hukauka kwa siku 2 au 3. Jaribu kwa kugusisha jani kwenye mdomo wa juu: likihisiwa la baridi, bado lina maji. Ukungu maana yake hewa haikupita. Majani yaliyokuwa meusi yamekauka polepole mno. Majani yaliyopukutika yenyewe ndani ya gazeti, kama inavyotokea kwa mimea ya ulimbo inayoota juu ya miti mingine, yalikuwa hai bado yakajitupa. Dawa yake ni kuchovya tawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache kabla ya kubania. Mishubiri na mimea mingine yenye majani manene nayo ichovywe, la sivyo utafungua presi wiki ya pili ukute imechipua.

Mvua ikikukamata siku kadhaa mbali na kaushio, funga magazeti bunda la sentimita 15, litie kwenye mfuko mnene wa plastiki, mwagia spiriti ya asilimia 60 hadi 70 mpaka magazeti yalowe, funga kwa gundi ya utepe. Bunda litavumilia wiki kadhaa. Gharama yake: rangi zote hupotea na DNA huharibika. Ndiyo maana kipande cha silika hukatwa kwanza, kabla ya yote.

Kipande hicho kiwe sentimita 5 za mraba, cha jani changa lakini lililokunjuka, safi, lisilo na kuvu. Kichane, kitie kwenye kifuko cha chai kitupu chenye namba, kizike kwenye silika. Kikauke kwa siku moja. Baada ya siku mbili kikiwa bado kinapinda badala ya kuvunjika, silika imeshiba, ibadilishe.

Kupima ukuaji

Hapa kazi inabadilika. Sampuli inakusanywa mara moja, lakini ukuaji hupimwa kwa kurudi, na kipimo cha pili kina maana tu kikichukuliwa pale pale palipochukuliwa cha kwanza.

Kiwanja cha kudumu cha kawaida ni hekta 1, mita 100 kwa 100, kilichogawanywa miraba 25 ya mita 20 kwa 20. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi hupewa namba. Mita hizo ni za usawa, siyo za kufuata ardhi. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 20 za usawa ni mita 21.3 za kamba chini. Kwenye nyuzi 30 ni 23.1. Asiyesahihisha anapima kiwanja kidogo kuliko anavyodhani, halafu anatangaza kwamba msitu wa mteremko una miti michache.

Mzingo hupimwa mita 1.30 kutoka chini, upande wa juu wa mteremko. Mti ulioinama upimwe kwa kufuata shina, si kwa kwenda wima. Ondoa kuvu na mtambazi chini ya futikamba, usiondoe gome. Mti wenye mizizi iliyotanuka kama kuta upimwe sentimita 50 juu ya mwisho wa kuta hizo, kwa ngazi. Na kwa kuwa kuta hupanda mti unavyokua, chagua mahali pa juu zaidi kama mti ni kijana. Paka mstari wa rangi hapo hapo ulipopima, uandike urefu wake kutoka ardhini. Msumari wa kibao cha namba uwe sentimita 30 juu ya mstari, kwa sababu mti huvimba kuzunguka msumari. Ukiupigilia kwenye mstari, miaka mitano baadaye utapima uvimbe.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mzingo wa sentimita 94.2 ugawe kwa 3.1416, kipenyo ni 30.0. Baada ya miaka 5 mzingo ni 95.8, kipenyo ni 30.5. Mti umeongezeka milimita 5 kwa miaka 5, yaani milimita 1 kwa mwaka. Sasa tazama: futikamba ikipanda au kushuka sentimita 5 tu kwenye shina linalopungua kwa kasi kuelekea juu, unaweza kukosea kwa kiasi hicho hicho. Ukuaji wote wa miaka mitano umemezwa na kidole cha mpimaji. Mstari wa rangi una kazi kubwa kuliko inavyoonekana.

Msimu nao una neno. Shina hunywea kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Ukipima Novemba mara ya kwanza na Septemba mara ya pili, mti mzima wa afya unaweza kuonekana umepungua. Rudi mwezi ule ule. Ukitaka kuona ukuaji wa mwezi kwa mwezi, funga ukanda wa chuma kisichoshika kutu kuzunguka shina, ncha moja ikipita juu ya nyingine na kuvutwa na springi, upime nafasi kati ya alama mbili kwa kalipa. Ukanda huchukua miezi kukaa sawa, kwa hiyo namba za mwaka wa kwanza zichukuliwe kwa mashaka.

Pete za mti je? Kwenye nchi za tropiki pete si lazima iwe mwaka. Mti wa pwani au mlimani unaopata vuli na masika unaweza kutengeneza pete mbili, au isionekane hata moja. Tessmannia princeps ilikadiriwa kuwa na miti ya miaka 2,000 hadi 3,000 kwa njia ya pete zilizobanana sana. Ni kadirio la kuvutia, na linaungana na jambo ambalo halina shaka: mti unaokua polepole namna hiyo ukikatwa, hauna mrithi kwa vizazi vingi vya watu. Anayetaka umri kamili atumie kipimo cha kaboni ya mionzi, au ukanda wa chuma na subira.

Usisahau miche. Mraba wa mita 5 kwa 5 ndani ya kiwanja, kila mche wa spishi yako uwekewe alama ya waya laini uliolegea, upimwe urefu na uhesabiwe majani kila miezi 6. Spishi yenye miti mikubwa 40 na miche sifuri iko hatarini kuliko yenye miti 15 na miche mia.

Mezani

Tafuta familia kwanza, kisha jenasi, kisha spishi. Ua kavu lichemshe dakika tatu kwenye maji yenye tone la sabuni, litalainika na kufunguka kama la jana. Lipasue chini ya hadubini, chora, hesabu, pima kwa milimita. Pima majani 10 au zaidi, kutoka nakala tofauti, na uandike dogo na kubwa.

Kisha nenda hebaria. Makubwa ya kwetu ni la Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, la taifa Arusha, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, la Lushoto na la Makerere. Picha za sampuli za Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, zipo kwenye mtandao, lakini picha haikuonyeshi vinyweleo vya chini ya jani. Usilinganishe na folda la spishi moja tu. Fungua folda la "hazijatambuliwa" la jenasi nzima. Mara nyingi ndugu wa mmea wako amelala humo tangu miaka ya hamsini.

Upya wa uongo una sura chache zinazojirudia. Majani ya kisiki kilichochipua, au ya mche wa kivulini, huwa makubwa mara mbili au tatu ya yale ya mti mzima. Uvimbe wa wadudu hufanana na tunda. Na Usambara ina lake: bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani 1902, ikapandwa miti kutoka kila pembe ya dunia, na mingine ilitoroka. Mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa humo, umeenea msituni kiasi cha kudhaniwa mwenyeji. Ukikuta mti wa ajabu karibu na Amani, tafuta kwanza kwenye orodha za mimea ya Asia na Amerika ya Kusini, ndipo ufikirie spishi mpya.

Ukibaki na tofauti mbili au tatu zisizobadilika, ambazo hazitegemei ukubwa tu, na zinazoonekana kwenye mmea zaidi ya mmoja, una hoja.

Kutangaza

Rekodi mpya ya nchi huhitaji makala fupi: namba ya sampuli, hebaria ilikohifadhiwa, picha, na maelezo ya jinsi inavyotofautiana na jamaa zake wa karibu. Spishi mpya hufuata kanuni za kimataifa za majina ya mimea. Lazima uteue sampuli moja ya kielelezo, holotaipu, na utaje hebaria ilipo. Nakala zake ni isotaipu. Moja ibaki nchini mmea ulikotoka, hata pale holotaipu inapokwenda ng'ambo, ingawa hakuna sababu ya maana ya kuipeleka. Lazima maelezo ya tofauti yawe kwa Kilatini au Kiingereza; Kiswahili bado hakikubaliki hapo, lakini hakuna kinachokuzuia kuweka muhtasari wa Kiswahili. Tangu 2012 jarida la mtandaoni lenye ISSN (namba ya utambulisho ya jarida) linatosha bila karatasi. Jina lililotolewa kwenye tasnifu isiyochapishwa rasmi, au kwenye mtandao wa kijamii, halihesabiki.

Pamoja na jina, toa hali ya hatari kwa vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Hesabu eneo linalokaliwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2: miraba miwili ni kilomita za mraba 8. Chini ya 10 ni dalili ya kundi la hatari kubwa kabisa, lakini eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima pia uonyeshe mambo mengine, kama vile mahali pamoja tu inapopatikana na kupungua kunakoendelea. Mimea mikubwa ikiwa chini ya 50 inaingia kundi hilo kwa hesabu hiyo tu. Hapa ndipo kiwanja chako cha ukuaji kinapolipa, maana wengi hutangaza spishi bila kujua kama ina miche.

Kama ni okidi, mshubiri au ua la kupamba nyumba, usichapishe namba kamili za GPS. Andika jina la msitu na mwinuko, namba kamili zibaki kwenye lebo ndani ya kabati, na kwenye ofisi ya kijiji chenye msitu.